Mstari wa Ukucha

Alipofika kwenye aya ya nne ya habari aliyokuwa akimsomea baba yake, binti aliiruka. Hakusita wala hakukohoa. Alivuta pumzi kama mtu anayefungua ukurasa, kisha akaendelea na aya ya tano, ile ya cherehani na jinsi baba yake anavyoijua kila moja kwa mlio wake. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kikombe cha chai kimetulia mapajani, na hakugundua kitu. Alikuwa akitabasamu na ukuta.

"Hapo hapo," alisema. "Hebu rudia hapo kwenye cherehani."

Akarudia.

"Loo! Sasa huyu ni mimi au ni waziri?"

"Usivimbe kichwa," mama alimjibu kutoka pembeni, ambako alikuwa akipiga pasi mashati ya watu. "Kesho utaamka na utakwenda kazini kwa miguu yako ile ile."

"Acha nivimbe kidogo. Miaka yote hii nimekata nguo za watu, leo nimekatiwa ya kwangu." Akageuka upande alikosikia sauti ya bintiye. "Imeisha hapo, Mwandishi?"

"Imeisha, baba."

Mwandishi. Hilo jina alipewa na baba mwenyewe, kwa utani, siku binti aliporudi kutoka chuoni na kutangaza kwamba amechagua kozi ya uandishi badala ya uhasibu. Siku ile hapakuwa na aliyecheka sana. Mama aliuliza hao waandishi huwa wanakula nini, baba akajibu kwamba bila shaka wanakula karatasi, mambo yakaishia hapo. Lakini utani ule ulikaa mpaka ukageuka jina, na sasa baba alilitamka kwa namna nyingine kabisa, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba nzuri aliyoijenga mwenyewe.

Binti alikunja karatasi zake taratibu.

Kozi ile ilikuwa na kazi tatu kubwa, na zote zilikuwa zinakuja kwa pamoja kama mvua na upepo. Ya kwanza, kuandika habari za mtu mmoja akiwa kazini. Ya pili, habari za mahali. Ya tatu, kusimama jukwaani ukumbini na kuisoma ile ya kwanza mbele ya wageni, huku imechapwa katika kijitabu cha chuo. Atakayefanya vizuri kuliko wote angepewa nafasi ya kusaidia katika chumba cha uhariri cha chuo. Nafasi yenye mshahara, si vile vyeti vya kutundika. Binti aliitaka nafasi ile kufa na kupona. Alikwisha kujiona amekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, na mama ameacha kupiga pasi za watu.

Hofu yake ilikuwa nzito kuliko tumaini. Muhula uliopita, mwalimu wa uandishi alimrudishia kazi yake ikiwa na maneno machache tu ya wino mwekundu: Lugha nzuri. Mtu yuko wapi? Yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa ameandika juu ya bidii, uvumilivu na jasho la wanyonge, na ndani yake hamkuwa na mnyonge hata mmoja.

Ndiyo maana safari hii alikwenda karakana.

*

Baba yake alikuwa mkataji katika karakana ya kushona sare za shule. Walimwita Fundi Mkasi, ingawa mkasi ulikwisha kustaafu zamani na sasa alikatia mashine ya umeme, yenye wembe unaopanda na kushuka kwa kasi isiyoonekana. Vitambaa hutandikwa meza nzima, tabaka juu ya tabaka, yeye huchora juu kisha wembe hupita mara moja na kutoa mashati ya darasa zima. Akikosea, darasa zima limekosewa.

Binti alisimama kwenye kona asubuhi nzima akiangalia. Mwanzoni aliona alichotarajia, yaani baba yake, mpole na mwenye haraka isiyo na fujo. Kisha akaanza kuangalia mikono kama alivyofundishwa. Hapo ndipo alipoona.

Kabla ya kuchora, baba alipitisha ukucha wa dole gumba kwenye kitambaa, akiukandamiza mpaka ukaacha mkunjo mwembamba. Ndipo akachukua sabuni ya kuchorea na kufuata mkunjo ule ule. Halafu, wembe ulipowaka, dole gumba lilitangulia mbele yake, likipapasa mkunjo, na wembe ukalifuata nyuma kama kipofu anayeshikwa mkono. Dole lenyewe lilikuwa na makovu ambayo nyumbani alisema ni ya kopo la maziwa.

Na ile sabuni. Kila mtu pale karakana anajua kwamba nguo nyeupe huchorwa kwa chaki ya bluu, na sabuni nyeupe ni ya nguo za rangi. Siku ile walikuwa wakikata mashati meupe. Baba alichora mashati meupe kwa sabuni nyeupe, mstari baada ya mstari, kwa umakini mkubwa, mistari ambayo hakuna jicho duniani lingeiona. Chaki ya bluu ilikuwa karibu na kiwiko chake. Mama mmoja mtandika vitambaa, aliyeshika ncha ya pili ya meza, aliondoa mkono wake kila wembe ulipokaribia, bila kuambiwa, na hakusema neno.

Mashati yalitoka sawasawa. Hakuna hata moja lililopinda.

Binti alitoka nje akasimama karibu na bomba la maji, akalia. Alilia kwa uchungu, na alilia pia, Mungu amsamehe, kwa furaha, maana alijua amepata kile alichokuwa akikitafuta. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile wala cha kutisha kama kile. Aliporudi nyumbani aliandika aya ya nne kwa pumzi moja, na humo ndani mlikuwa na mtu.

Alibadilisha kila kitu kingine. Hakutaja jina la baba, la karakana wala la mtaa. Akajiambia hayo yanatosha.

*

"Hii," mwalimu wa uandishi alisema, akiigonga aya ya nne kwa kalamu, "ndiyo kazi yako. Nyingine zote ni njia ya kufika hapa."

Alikuwa mwanamke mkavu, asiyemvika mtu kilemba cha ukoka, na wanafunzi walimwita Wino Mwekundu. Sifa yake moja ilikaa kwa mtu mwezi mzima. Binti alisikia masikio yakimwaka.

"Mwalimu, nilitaka kuuliza kama ninaweza kuitoa hiyo."

"Kuitoa?"

"Ni baba yangu."

"Nimeshajua ni baba yako. Hakuna mtu anayemwangalia mgeni namna hii." Mwalimu aliiweka kalamu chini. "Anajua kwamba umeiona?"

"Hapana."

"Na mwajiri wake?"

"Hapana. Pale kulikuwa na bibi wa vifungo. Mikono ilianza kumtetemeka. Bosi akamwambia kwa upole akapumzike kidogo nyumbani. Bado anapumzika mpaka leo."

Mwalimu aliivuta karatasi karibu yake. Si kwamba hakuwa na moyo. Alikuwa nao, ila alikuwa amesoma kazi nyingi mbovu kwa miaka mingi, na nzuri ilipomjia alishindwa kuiachia.

"Ukiitoa, kinachobaki ni tangazo la karakana," alisema hatimaye. "Uamuzi ni wako. Lakini niambie, watu wa karakana ya sare wanasoma vijitabu vya chuo?"

Binti alifikiri. Aliwaza bosi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na karatasi isiyokuwa ankara. Akawaza kile kiti cha kuzunguka.

"Hawasomi," alisema.

"Basi."

Kijitabu kikapelekwa kuchapwa kikiwa na aya zake zote. Binti alirudi nyumbani akiwa mwepesi, na wepesi ule ulimtia wasiwasi njia nzima asijue ni kwa nini.

*

Ilimchukua baba siku chache tu kuharibu kila kitu, na aliharibu kwa mapenzi matupu.

Alirudi kutoka kazini jioni akipiga mluzi. Alifika kwenye kiti chake bila kugusa kitu, maana katika nyumba ile kila kitu kilikaa pale pale siku zote: kiti, meza, ndoo, viatu. Mama alikuwa mkali ajabu kuhusu jambo hilo. Mgeni akisogeza stuli, mama huirudisha kabla hajakaa vizuri.

"Haya, Mwandishi," baba alisema. "Siku yako ya jukwaani, nitakuja na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Bosi."

Pasi ya mama ilisimama juu ya kola.

"Nimemwambia, bosi, binti yangu ameandika habari za kazi yangu, na atazisoma mbele ya maprofesa. Akadhani ninapiga chuku. Nikamwambia, njoo usikie kwa masikio yako. Wiki hizi ananiangalia angalia sana yule mtu. Anakuja mezani, anasimama, haongei. Nikasema, wacha asikie mimi ni nani." Akacheka. "Amekubali! Amesema atavaa koti."

"Baba," binti alisema, "si lazima. Wale ni watu wa chuo tu, atachoka bure."

"Kwani unanionea haya?"

"Sikuonei haya, baba."

"Basi ajikaze kisabuni, akae asikilize." Neno hilo la sabuni alilitamka kwa furaha tele.

Asubuhi, baba alipoondoka, mama alifunga mlango na kunyoosha mkono.

"Lete hizo karatasi."

Mama alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika aya ya nne hakupaza sauti. Alisoma mara moja, akarudia, kisha akakaa chini juu ya rundo la mashati aliyokwisha kupiga pasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Sabuni nyeupe," alisema. "Hilo la sabuni sikulijua."

"Mengine uliyajua?"

"Mwanangu, unadhani viti vya nyumba hii vinakaa mahali pamoja kwa ajili ya urembo?" Mama alijifuta uso kwa shati la mtu. "Nimeyaficha mpaka kwake mwenyewe. Akijikwaa nasema ni mimi nimeacha ndoo njiani. Akimwaga chai nasema kikombe kina ufa. Mimi nimekuwa mzembe nyumba hii ili yeye aendelee kuwa fundi. Halafu wewe unakuja kumwaga mtama kwenye kitabu!"

"Sikutaja jina, mama."

"Bosi atakuwa amekaa pembeni ya mwenye jina!"

Binti alianza kulia, na mama akamwacha alie kidogo kabla ya kumkaripia tena. Kisha wakafanya kile ambacho familia ile ilijua kufanya, yaani kupanga. Binti alikimbia chuoni na kuambiwa vijitabu vimekwisha kuchapwa na kufungwa. Wino Mwekundu, safari hii bila kumtazama usoni, alimwambia kwamba jukwaani anaweza kusoma anachotaka. Basi ataruka aya ya nne kama alivyoiruka nyumbani. Mama naye atakaa kati ya bosi na kile kijitabu. Akikuta kimewekwa kitini, atakikalia.

"Na baba?" binti aliuliza. "Tumwambie?"

Mama aliinuka, akaanza kuyanyoosha mashati aliyokuwa ameyakalia.

"Umwambie nini? Kwamba haoni?" alisema. "Mwambie wewe kama unaweza. Mimi siwezi."

Binti alijaribu. Jioni mbili alikaa karibu na kile kiti, akafungua mdomo, na kila mara baba alimtangulia kwa kumwomba arudie ile sehemu ya cherehani.

*

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye viti vya plastiki na feni zilizozunguka bila kuleta upepo. Binti alikuwa amekaa mbele pamoja na wasomaji wenzake, na kutoka pale aliwaona wakiingia. Mama alitangulia, amemshika baba kiwiko kama mke anayejivunia mumewe. Baba alikuwa na shati jeupe alilolikata mwenyewe. Nyuma yao bosi, na koti kweli amelivaa, na miwani puani.

Viti vilikuwa vitupu. Mama aliviangalia haraka, kimoja kimoja, na binti akamwona anashusha pumzi. Hapakuwa na kijitabu juu ya kiti chochote. Mama akaketi, bosi kushoto kwake, baba kulia, akajitandaza katikati yao kama ukuta.

Kisha baba akaingiza mkono ndani ya shati lake, akatoa vijitabu viwili.

"Walikuwa wanagawa pale mlangoni," alisema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haikuwahi kuwa ndogo. Akanyoosha mkono mbele ya kifua cha mama mpaka upande wa pili. "Chukua, bosi. Usikie huku unaona kwa macho. Mama Mwandishi, sogea kidogo basi, unamziba mgeni."

Mama hakuwa na la kufanya. Alisogea.

Binti alipoitwa, miguu ilimpeleka yenyewe. Alisoma aya ya kwanza, na sauti ikamtoka vizuri kuliko alivyotegemea. Watu walicheka pale pa kuchekea. Alisoma ya pili na ya tatu. Katika safu ya nne aliona bosi ameinamisha kichwa, kidole kikitembea juu ya ukurasa sambamba na sauti yake, kama mtu anayehakiki mzigo unaposhushwa.

Alivuta pumzi, akaruka.

Kidole cha bosi kilisimama. Bosi aliinua macho kuelekea jukwaani, akayashusha, akatafuta, na badala ya kwenda mbele kidole kikarudi nyuma. Binti aliendelea kusoma habari za cherehani, jinsi fundi mmoja anavyozijua kwa mlio kama mtu anavyowajua watoto wake, na aliposema hivyo aliona baba yake anajipiga paja kwa raha. Bosi hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akisoma, midomo ikichezacheza. Mama alikuwa ametazama sakafu.

Makofi yalipigwa, na hayakuwa ya adabu tu. Wino Mwekundu alipanda jukwaani akitabasamu kwa shida, na kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyotaka, akauliza kama fundi mwenyewe aliyeandikwa amefika, asimame aseme neno.

Baba alisimama kabla sentensi haijaisha.

"Mimi si mtu wa vitabu," alisema, uso ukiwa umeelekea pazia, hatua chache kando ya pale alipokuwa bintiye. "Mimi ni mtu wa kitambaa. Ila nataka kusema jambo moja. Wako watu hufikiri waandishi hutia chumvi. Huyu hakutia. Alinisomea nyumbani toka mwanzo hadi mwisho. Kila neno lililomo humu," akakiinua kijitabu juu, "ni kweli tupu, na mimi ni shahidi. Anayebisha na aje mezani kwangu aone."

Ukumbi ulimpigia makofi mengine. Binti alikuwa bado amesimama kwenye meza ya kusomea.

Baba alipoketi, bosi alimwinamia kupitia mbele ya mama. Hakuwa amekasirika. Kama angekuwa amekasirika ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole ule ule aliomwambia nao bibi wa vifungo, na kwa kuwa makofi yalikuwa yamekwisha, sauti ilifika mpaka jukwaani.

"Kila neno, fundi?"

"Kila neno, bosi."

"Na hili hapa, la sabuni?"

"Sabuni gani?" Baba alicheka. "Sikumbuki sabuni."

Bosi alikifungua kijitabu chake, akakitandaza mapajani mwa baba, akauchukua mkono wa baba na kuuweka juu ya ukurasa wa aya ya nne.

"Hebu nisomee mwenyewe," alisema. "Hapo tu."

Mama alisema, "Bosi, tafadhali," lakini baba alikwisha kumnyamazisha kwa kichwa. Alikuwa bado na tabasamu lake. Aliinamia karatasi, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha binti, kutoka pale juu, aliona dole gumba likiinuka polepole, lile lenye makovu, na ukucha ukianza kupita juu ya karatasi kutoka kushoto kwenda kulia, ukikandamiza, ukitafuta mkunjo.

Karatasi ilikuwa laini. Ukucha ulifika mwisho, ukarudi mwanzo, ukapita tena.

"Mwandishi," baba aliita, na tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka, "kwani kuna mahali uliruka?"